Haya ya Gizani

Umeme ulikatika saa tatu na dakika kumi usiku. Naikumbuka dakika kwa sababu iliandikwa na kamera, ile niliyokuwa nikirekodia filamu ya maisha ya familia moja ya Buguruni, Dar es Salaam.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele wa kesho. Watoto wawili wadogo walishalala kwenye godoro chini. Binti mkubwa alikuwa kitandani na daftari lake la fizikia, amekunja miguu ili mimi nipate pa kusimama. Baba alikuwa hajarudi na bajaji. Mita ya kwenye korido ilikuwa ikilia tangu magharibi, na wapangaji wote wa vyumba sita vya nyumba ile walijua zamu ya kununua umeme ilikuwa ya chumba gani.

Kisha giza. Feni ikazunguka mara chache za mwisho, ikasimama.

Sikushusha kamera. Kilichobaki kuonekana chumbani ni kitaa chekundu kidogo kando ya lenzi, na nadhani ndicho alichokitazama aliposema:

"Bado unarekodi?"

"Ndiyo, Mama."

Punje za mchele zikaacha kulia kwenye ungo.

"Haya."

Baada ya hapo kuna sekunde 42 za giza na pumzi za watoto, mpaka binti alipowasha tochi ya simu.

Mfukoni nilikuwa na shilingi 35,000.

## Neno lenye milango miwili

Hii ni wiki ya saba. Kila nikifungua kompyuta kuhariri, najikuta nimerudi kwenye kipande kilekile.

Sote tunajua "haya" ziko nyingi. Ipo ya kukubali. Ipo ya kumharakisha mtoto asubuhi avae viatu. Ipo ya mtu aliyechoka kubishana, na ipo ile nzito, ya kumwachia mwenzio yeye na Mungu wake. Halafu ipo haya nyingine kabisa, ile ambayo mtu anayo au hana, ile inayomfanya ainamishe uso. Kwenye kamusi yanakaa kama maneno mawili yaliyofanana sura. Usiku ule nilishindwa kuyatenganisha.

Nimeipandisha sauti. Nimeondoa mvumo wa barabara ya nyuma. Nimeisikiliza kwa hedifoni saa nane za usiku, mtaa umelala. Neno halikufunguka.

Na linaloniumiza zaidi ni kwamba kipande hicho ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi maishani mwangu.

## Nilikotoka

Kwa miaka tisa nimekula kwa kamera ya harusi. Harusi, send-off, kitchen party, ubarikio. Kule watu wanajipanga mbele yako, wanakuuliza waangalie wapi, na mjomba anacheza upya akiona hukumkuta alipocheza mara ya kwanza. Unarudi nyumbani na saa sita za furaha ya watu waliopiga pasi, wakajipaka manukato, wakakukaribisha.

Nilitaka kuona maisha ya siku nyingine zote. Siku ambazo hakuna anayemwita mpiga picha.

Mama huyu ni mama lishe, hapa Buguruni. Nilikuwa nakula kwake mchana, wali maharage, kwa muda mrefu kabla sijamweleza ninachotaka. Aliniuliza swali moja: "Na mimi nitafanya nini?" Nikamjibu, kwa fahari kabisa, "Wewe hutafanya chochote, Mama. Endelea tu kama mimi sipo."

Leo jibu hilo linanisumbua.

## Nzi na mgeni

Filamu za namna hii zilipata nguvu miaka ya 60, kamera zilipokuwa nyepesi kiasi cha kubebwa begani na kinasa sauti kikaweza kwenda sambamba na picha. Kule Marekani na Kanada watengenezaji waliachana na ile sauti ya mtu anayeeleza kila kitu kutoka juu kama mwalimu. Wakaingia majumbani, viwandani, hospitalini, wakakaa kimya. Amri za kazi hiyo nilizikariri: usiulize, usipange, usimwambie mtu arudie, usiguse kitu. Subiri. Waingereza huiita kazi ya nzi wa ukutani.

Niliamini hivyo kwa moyo wote, na bado naona uzuri wake. Ukimwachia mtu nafasi bila kumsukuma, maisha yake yanakuja yenyewe mbele yako, na unaona vitu ambavyo mahojiano ya siku nzima yasingekupa. Unaona mkono wa Mama unavyopima chumvi huku akili yake ikipiga mahesabu ya marejesho.

Lakini nzi, kwa mama lishe, ni adui wa riziki. Chakula kinafunikwa kawa kwa sababu yake. Na aliyeingia nyumbani kwa watu, akavua viatu mlangoni, akasema "shikamoo" akaitikiwa "marahaba", hawezi tena kuwa nzi. Ni mgeni. Na mgeni tunajua sheria zake: siku mbili za kwanza anakalishwa kwenye kiti kimoja kilichopo, na siku ya tatu anapewa jembe.

Mimi jembe nilipewa siku ya nne. Lilikuwa bakuli la vitunguu saumu.

"Mwanangu, weka hicho kidude, nisaidie kumenya."

Nilimwambia, kwa upole, kwamba nisingeweza, kwamba kazi yangu ni kutazama tu. Akaniangalia kidogo. Akamwita binti.

Nusu karne iliyopita kuna mtu aliyeliona tatizo hili, na aliliona akiwa upande wetu wa dunia. David MacDougall, mtengeneza filamu, na mkewe Judith walirekodi maisha ya wafugaji wa Kijie kaskazini mashariki mwa Uganda mwaka 1968, kisha Waturkana wa Kenya mwaka 1973 na 1974. Walikaa, wakajifunza kusubiri, na waliacha watu wazungumze lugha yao, maandishi ya tafsiri yakipita chini, wakati filamu nyingi za wakati huo zilifunika sauti za Waafrika kwa sauti ya msimulizi. Walikuwa mabingwa wa kutazama. Ndiyo maana lina uzito kwamba MacDougall huyohuyo, kwenye insha aliyoichapisha mwaka 1975, aliikosoa njia ile. Hoja yake ilikuwa kwamba filamu haiwi kamwe kumbukumbu ya jamii fulani peke yake. Ni kumbukumbu ya kukutana, kati ya mwenye kamera na watu wale. Anayejificha anaficha nusu ya kilichotokea.

Nilikuwa nimeisoma insha hiyo. Niliipigia mistari. Kisha nikaenda Buguruni na kukataa kumenya vitunguu saumu.

## Taa za Chicago

Kuna nyumba nyingine iliyokatiwa umeme mbele ya kamera. Ilikuwa ya familia ya Agee, magharibi mwa Chicago, na filamu ni Hoop Dreams ya mwaka 1994.

Watu wengi huikumbuka kama filamu ya mpira wa kikapu. Vijana wawili weusi kutoka mitaa ya wavuja jasho, Arthur Agee na William Gates, ndoto zao za kucheza ligi kubwa. Ilianza kama mpango wa filamu ya nusu saa na ikaishia kwenye karibu saa tatu, zilizokatwa kutoka kwenye takriban saa 250 zilizorekodiwa kwa miaka mingi. Mimi, kila nikiirudia, mpira unazidi kufifia. Ninachokiona ni jikoni. Namwona Sheila Agee akipika keki Arthur anapofikisha miaka 18, akishukuru kwamba mwanawe ameufikia umri huo akiwa hai. Namwona siku anayoambiwa kwamba amefaulu mafunzo ya uuguzi msaidizi kwa alama za juu kuliko wenzake wote darasani, na jinsi anavyolia. Hakuna kikapu kilichofungwa kwenye filamu ile kinachofikia hapo.

Kabla ya hapo kuna kipindi cha giza. Baba ameondoka, mama hana kazi, anaishi kwa msaada wa serikali wa dola 268 kwa mwezi, na nyumba imekatiwa umeme. Na Sheila, mbele ya lenzi, anawageukia waliomrekodi na kuwauliza kama huwa wanajiuliza anaishije, watoto wake wanaishije.

Anawauliza wao. Hamuulizi mtazamaji aliyekaa sinema, wala serikali. Anawauliza watu waliosimama nyumbani kwake na vifaa vya thamani mikononi.

Steve James, mwongozaji wa filamu hiyo, na wenzake walilirekodi giza lile. Kisha wakasaidia umeme urudi. Baadaye filamu ilipoingiza pesa, waligawana na zile familia. Kwa sheria kavu za kazi hii, hayo yalikuwa makosa: umegusa, umebadilisha unachokitazama. Mimi sijawahi kumsikia mtu aliyeiona filamu ile akilalamika kwamba uhalisia ulipungua kwa sababu taa ziliwaka.

Nilikuwa nayajua yote haya usiku ule. Nilikuwa nayajua, nikahesabu sekunde.

## Kesho yake nilinunua umeme

Nataka kulieleza hili polepole, kwa sababu ndilo lililonitoa kwenye uhakika nilioanza kuupata.

Asubuhi, bila kumwambia mtu, nilinunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu yangu, nikaziingiza tarakimu 20 kwenye mita ya korido mwenyewe, nikaondoka. Nilijisikia nimefuta kitu.

Jioni nilimkuta Mama amenuna. Nyumba ile ina utaratibu wake wa zamu, uliojengwa kwa ugomvi wa miaka: nani ana friji, nani anapiga pasi, nani anachangia kiasi gani. Chumba cha Mama kilikuwa zamu, na umeme ulioingia ulikuwa mwingi kuliko kawaida, na hakuna aliyeona aliyeununua. Jirani wa chumba cha pili alishasema uani, mbele ya ndoo za watu, kwamba wenzetu siku hizi wana mfadhili. Mwingine alishasema kwamba kama pesa za filamu zimeanza kuingia basi friji ya kwenye korido ilipiwe na wenye filamu.

"Ungenipa mkononi," Mama aliniambia. "Ningejua la kusema."

Hakuniambia nisimsaidie. Aliniambia nilimsaidia kama mtu anayeficha kitu. Nilirekodi usiku kana kwamba sipo, na nikanunua umeme asubuhi kana kwamba sipo. Mara zote mbili nilikuwepo, na nyumba nzima ilijua.

Mpaka leo sijui kama ningetoa zile pesa palepale gizani ningekuwa nimefanya vizuri zaidi. Pengine angekataa. Pengine watoto wangekumbuka usiku ambao mgeni aliwawashia taa baba yao akiwa njiani anatafuta hesabu ya tajiri wa bajaji. Baba alirudi saa nne na nusu usiku ule na elfu tatu za umeme mfukoni. Hilo nalo nimelirekodi: namna alivyosimama mbele ya mita, akisoma namba kwa sauti huku binti akibonyeza, na taa ilipowaka alivyotazama dari kwanza.

Ningelipa mimi, picha hiyo isingekuwepo. Hilo silisemi kujitetea. Ni jambo linalonikaba.

## Utepe wa dakika kumi na moja

Wale wa zamani walirekodi kwa filamu ya milimita 16. Reli moja ya kawaida, yaani kigurudumu cha mkanda wa futi 400, ilikwenda dakika kama kumi na moja tu, kisha inakwisha, lazima usimame, ubadilishe gizani ndani ya mfuko, uanze upya. Filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo waliamua kila mara: hili linastahili, hili liache lipite.

Mimi kadi yangu inakwenda saa nyingi bila kuuliza.

Nimeanza kuwaza kwamba zile dakika za kubadilisha reli zilikuwa za familia. Mtu anajikuna, anafuta kamasi za mtoto, anasema lile alilolibana. Anamwona mwenye kamera ameinama na mfuko wake mweusi, mikono imebanwa, hawezi kumtazama. Kamera yangu haijawahi kumpa Mama pumziko hilo. Nilijisifu kwa uvumilivu wangu, na sehemu kubwa ya uvumilivu huo ilikuwa betri.

## Ngoja nivae

Binti ana miaka kumi na sita. Wiki ya kwanza, kila nilipoinua kamera alisema, "Kaka, ngoja nivae." Alikuwa na kanga kiunoni na fulana ya shule ya zamani, na aliporudi alikuwa na gauni, nywele amezishika vizuri, uso umepakwa mafuta.

Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimweleza kwamba ninataka aonekane alivyo. Alinijibu, "Lakini mimi mbele ya wageni ndivyo nilivyo."

Sikuwa na jibu, na sikutaka kukubali kwamba sina. Nilianza kumrekodi kabla hajaniona.

Halafu ukaja ugomvi. Mama alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, marejesho ya kila siku, na siku mbili biashara ilikuwa mbaya kwa mvua. Baba alikuwa hajafikisha hesabu. Maneno yakapanda. Baba akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na binti akasimama mlangoni katikati yao, na kanga ileile. Akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Nilijua macho yale nimeyaona mahali.

Niliyaona kwenye Last Train Home, filamu ya Lixin Fan ya mwaka 2009. Mke na mume kutoka kijiji cha Sichuan wanashona nguo viwandani Guangzhou, watoto wamebaki na bibi, na kila mwaka mpya wa Kichina wanapigania tiketi ya treni kurudi nyumbani kuwaona. Binti yao, Qin, anaacha shule na kwenda viwandani naye, jambo lilelile ambalo wazazi walijichosha ili lisimpate. Wanapokutana nyumbani, tusi linamtoka, baba anampiga. Na katikati ya vurugu Qin anaigeukia kamera na kupiga kelele: mlitaka kurekodi mimi halisi, basi huyu hapa, mnataka nini tena?

Nilipoiona mara ya kwanza nilifikiri, wivu ukinichoma, hii ndiyo bahati ya mtengeneza filamu. Nilikuwa mdogo. Sasa ninasikia kitu kingine. Ninamsikia mtoto akisema kwamba wale watu kwenye kona, waliokaa kwao miaka, wamekuwa wakingoja hapo afike.

Binti wa Buguruni aliniangalia hivyo, na mimi nilikuwa nikingoja.

Siku ile nilishusha kamera. Sijui kama ni heshima au woga. Nilitoka uani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikachukua bakuli la vitunguu saumu.

Baadaye nilimpa binti simu yangu ya ziada kwa wiki moja. Wazo nililipata kwa filamu ya Thank You for the Rain ya mwaka 2017, ambamo Kisilu Musya, mkulima wa Kitui kule Kenya, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norwei akarekodi mwenyewe mvua, ukame, na familia yake. Nyumba yao ilipoharibiwa na dhoruba alikuwepo na kamera, mwenye nyumba akiitazama nyumba yake. Nilitaka kujua binti angetazama nini.

Alirudisha vipande kumi na tisa. Kumi na kimoja ni wadogo zake wamelala. Ugomvi hakuna. Giza hakuna. Kimojawapo ni Mama akiingia kutoka kazini na beseni kichwani, anamwona anayemrekodi ni nani, na anatabasamu mpaka beseni linayumba.

Kwangu hajawahi kutabasamu hivyo. Nina saa sitini na mbili za Mama.

## Wanaobaki mtaani

Filamu ikiisha, mimi nahama na kwenda mtaa mwingine. Wao wanabaki na majirani.

Mwaka 1974 televisheni ya BBC ilirusha mfululizo wa sehemu 12 ulioitwa The Family, kazi ya Paul Watson. Familia ilikuwa ya akina Wilkins wa mji wa Reading: Terry, dereva wa basi, mkewe Margaret, watoto na wakwe, wamebanana kwenye nyumba iliyo juu ya duka la mboga. Waingereza walizoea kuwaona watu wa namna hiyo kwenye michezo ya kuigiza na vichekesho. Sasa waliwaona wenyewe, na lafudhi yao, wakigombana kuhusu pesa na nafasi. Wapo waliosema ni aibu kwa taifa. Wapo waliojiona wao wenyewe kwa mara ya kwanza.

Kilichonishika ni kwamba sehemu za mwanzo zilirushwa hewani huku za mwisho bado zinarekodiwa. Yaani familia iliishi huku ikijua mji umeshaona. Harusi ya binti yao ilipofika, watu na waandishi wa habari walijazana. Na nchi nzima iliambiwa siri kwamba mtoto wao wa mwisho hakuzaliwa na Terry. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa.

Margaret alikubali kulisema. Alikuwa mwanamke jasiri, na ninaamini alitaka kusema kweli. Lakini mtoto wa miaka tisa kesho yake anaenda shule.

Nina wawili wadogo kwenye godoro, wamelala, katika karibu kila picha ya usiku niliyo nayo. Hakuna aliyewauliza. Mama alipokubali aliwakubalia na wao, na mimi nilipokea ruhusa hiyo kama mtu anavyopokea chenji, bila kuhesabu.

## Alichotaka kitolewe

Jumapili iliyopita niliwaonyesha.

Tuliweka kompyuta juu ya beseni lililofunikwa, wote kitandani na chini, mlango umefungwa ili majirani wasijae. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua wangeomba nitoe ugomvi, nilioupata sauti tu kutoka uani, na nilishaamua kutobisha. Nilijua wangeomba nitoe giza.

Baba alijisikiliza akipaza sauti. Akashusha macho, akasema, "Siku ile nilikuwa nimechoka." Akaniambia niache, ila niweke na pale anaporudi usiku na umeme. Nikamwonyesha kwamba pamewekwa. Akaitikia kwa kichwa.

Binti alitaka kipande chake cha beseni kiwe kirefu zaidi. Alisema pia kwamba zile picha ambazo nilimrekodi kabla hajaniona anazijua zote, na akazitaja moja moja. Nimezitoa.

Mama alitazama kimya mpaka mwisho. Kisha aliomba kitolewe kitu ambacho mimi sikuwa hata nimekiona. Ni sekunde chache tu: anamwambia jirani, akipita na ndoo, kwamba pesa ya mchezo wa wiki ile, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, ameshampelekea kijumbe anayezikusanya. Alikuwa hajapeleka. Alipeleka siku mbili baadaye, na kamera yangu, kwa uaminifu wake wote, imerekodi na hilo, na mtu akizipanga tarehe ataona.

"Deni nalijua mimi na wewe na Mungu," alisema. "Lakini kijumbe akiona nilidanganya, nitapewa zamu ya mwisho milele."

Wiki saba nimekuwa nikidhani najua aibu yake iko wapi.

Halafu tukafika kwenye giza. Aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza akiwa ameinama karibu na spika.

"Mbona wewe hujibu?"

Sikuelewa.

"Hapa nilikuuliza kama bado unarekodi. Ukanijibu ndiyo. Imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimeikata. Sauti ya mwenye kamera haitakiwi kusikika, ndivyo nilivyofundishwa, nikaikata bila hata kufikiri, usafi wa kawaida wa kuhariri. Kwenye filamu yangu Mama anauliza swali gizani, panapita kimya, kisha anasema haya.

"Naonekana kama mtu anayeongea peke yake," alisema. "Rudisha sauti yako."

Nilipata ujasiri nikamuuliza alichomaanisha usiku ule, aliposema haya.

Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ya vitunguu saumu. "Nilikuuliza, ukanijibu, nikasema haya. Ulitaka niseme nini?" Akainuka kwenda kuloweka maharage.

Nimeirudisha usiku huohuo. Ni maneno mawili, hayafiki hata sekunde moja, na sauti yangu inatetemeka kidogo kuliko nilivyokumbuka. Bado unarekodi? Ndiyo, Mama. Punje zinaacha kulia. Haya. Sekunde 42 zinafuata kama zilivyokuwa, giza lilelile, pumzi zilezile, na sasa inasikika wazi anayejibiwa ni nani.